Vifungo vya Mshipi

Kila tarehe sita Februari, siku yetu Wasami,
ofisini hukatwa keki.
Halvard, mkuu wa kitengo cha madai,
hunipiga picha karibu na dirisha
nikiwa ndani ya gakti ya mama,
bluu iliyoiva, utepe mwekundu begani,
na kila mtu husema: umependeza, Ravdna.
Kesho yake narudi kwenye sweta la kijivu.

Leo si Februari.
Ni Jumanne ya mwisho wa Novemba,
Tromsø imeagana na jua hadi Januari,
nami nimesimama mbele ya kioo,
gakti mwilini, mishipi miwili kitandani:
mmoja wa vifungo vya mraba, wa mke wa mtu,
mwingine wa duara, wa asiye na mtu.
Kwetu mshipi hausemi uongo.
Talaka ilitoka wiki tatu zilizopita, kwa barua pepe.
Ofisini sijamwambia yeyote.
Miaka kumi na mmoja nilivaa vifungo;
sijui ni lini hasa nilianza kuvitumikia.

Mama alifua mashuka ya hospitali.
Alitoka nyumbani na gakti, akashuka kituo cha basi,
akaingia chooni, akatoka na sketi ya dukani.
Jioni, choo kilekile, kinyume chake.
Mimi nilimshikia mfuko.
Nilidhani ndivyo watu wote waendavyo kazini.

Kwa hiyo usinitafutie aibu; aibu ingekuwa rahisi,
ningeivua.
Mimi nawaza vitu vidogo:
kiti changu kina magurudumu, upindo hautanasa?
Mtu akija kudai fidia ya paa lililobomolewa na theluji,
ataona karani, au ataona kadi ya posta?
Na hii mikono mama aliishona macho yakiwa yamechoka;
kiwiko kikitobokea juu ya mafomu ya bima,
nani atanishonea kingine?
Ila nguo inayolala sandukuni nayo huliwa,
taratibu, na nondo wasio na haraka.

Nikafunga wa duara.

"Leo kuna sikukuu gani?" Torunn akauliza.
"Jumanne," nikasema.
Akacheka, kisha akaacha.
Halvard alipita na kikombe chake,
akapunguza mwendo kama dereva mbele ya shule.
Aliwaza kuhusu wateja; nilimsikia akiwaza.

Saa nne mashine ya kunakili ikameza matamvua ya shali.
Tulipiga magoti, Torunn na mimi,
tukiyavuta moja moja kwa kibanio cha nyusi,
na hapo ndipo aliposhika kitambaa, miaka sita baada ya keki ya kwanza.
"Kizito," alisema. "Picha hazionyeshi."

Saa nane akaja Issát, buti zikidondosha theluji.
Lori limegonga kulungu wake kwenye barabara ya pwani.
Siku zote huongea nami Kinorwe cha mafomu.
Leo alitazama upindo, akajua bonde nitokako;
akatazama mshipi, akajua yaliyobaki.
Halafu akafungua kinywa kwa lugha ya nyumbani:
"Watano. Na mmoja alikuwa na mimba."
Fomu haina nafasi ya mimba.
Niliandika pembeni, kwa mkono.

Alipoinuka akagusa kofia,
akavitazama tena vifungo vyangu,
akatamka neno moja
ambalo kwetu huweza kuwa pole
na huweza kuwa haya, twende.
Sikumuuliza ni lipi.

Sasa ni usiku. Gakti inaning'inia mlangoni,
shali juu yake, matamvua matatu pungufu.
Kesho ni Jumatano, na sijaamua.
Nimetafuta uzi mwekundu nyumba nzima;
nilioupata haufanani sana.
Nimeutunga sindanoni.