Mayai Thelathini

Mvua ya Rasht haibishi hodi.
Huingia kwenye kola, kwenye soli, kwenye mkate.
Bi Eshrat karudi kutoka duka la mayai,
koti lake limefunika trei, yeye mwenyewe chepechepe.
Mayai thelathini. Hakuna hata moja lililopasuka.

Behruz amekaa dirishani tangu vuli,
tangu siku damu ilipokosea njia kichwani
na mkono wa kulia ukawa mgeni mwilini mwake.
Daktari kasema ale. Kasema apewe kitu laini.
Behruz kafunga mdomo kama benki siku ya Ijumaa.

Miaka thelathini na minane alikuwa akiuliza,
"Yai tena, mwanamke?"
akisukuma sahani, kisha akiivuta, akila yote,
akifuta mafuta kwa ukoko wa mkate.
Sasa haulizi.
Eshrat angetoa trei nzima kulisikia lile "tena".

Basi, Jumamosi yai jicho:
ute umekauka pembeni kama lesi, kiini kinatetemeka.
Kageuza uso.
Jumapili biringanya juu ya moto wa gesi
hadi ngozi ikawa mkaa; akaiponda na kitunguu saumu,
nyanya, chumvi, akavisukuma vyote kando ya kikaango,
pale palipobaki wazi akavunja mawili.
Jirani wa ghorofa ya tatu alipiga simu kuuliza harufu ile.
Behruz: vijiko viwili.
Jumatatu maharage na shibiti, mayai yamezamishwa mazima mchuzini.
Kimoja.

Jumatano ikawa kuku.
Hapa nisimame kidogo. Kwetu kuku ndiye mama, yai mwana.
Kwao kuku ni chakula: mayai sita yaliyopigwa
na majani mengi mpaka kijani kikaimeza njano,
kikakaangwa kikawa mnene kama kamusi.
Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu.
Wanaobishana nani alitangulia
waende wakakae jikoni kwa Eshrat, wapewe sahani, wanyamaze.

Alikula nusu kipande.

Usiku anahesabu mashimo kwenye trei
na kukumbuka miaka ya vita, miaka ya kuponi,
yai moja kwa vinywa vinne.
Alilichanganya na wali wa jana na chembe ya zafarani,
kila mtoto akadhani ndiye aliyelipata.
Yai halina makuu. Halisubiri kulowekwa,
halimuulizi mpishi kama ana nyama.
Ute huumuka ukawa wingu la keki,
kiini hushika unga usimomonyoke,
na siku moyo umechoka kabisa
unalitia tu majini, unasimama hapo, unatazama mapovu.

Mwaka mpya ukaja na majani mabichi ya masika.
Mjukuu, Tarlan, alichemsha saba akayapaka rangi,
akayapanga mezani karibu na kioo na samaki wawili wekundu.
Moja alilichora chui, wa buluu,
kwa sababu rangi ya machungwa ilikuwa imekwisha.
Redio ikahesabu sekunde. Mwaka ukageuka.
Wakakumbatiana, wakalia kidogo, wakapeana noti mpya.

Mayai sita.

"Chui wangu!" Tarlan akaangua kilio.
Wakatafuta chini ya meza, wakamshuku paka wa jirani.
Maganda yalikutwa kwenye mfuko wa joho la babu,
yamekunjwa vizuri ndani ya leso,
na punje za chumvi zilikuwa kwenye masharubu.

Hakujitetea. Alimtazama mkewe
kama mtoto aliyefumaniwa na sukari,
akahangaika na ulimi, akausukuma, akautoa:
"Tena."

Eshrat hakujibu. Alikuwa akiangalia rangi ya buluu
chini ya kucha za mkono wa kulia.
Kisha akaenda jikoni, akasahau kuwasha taa.
Trei ina manne.
Akateka maji.