Muundi

Mlango unafungwa kwa nje, kama wa tanuri.
Tumeketi sita, fulana za pamba tupu,
bila saa, bila mafuta ya nywele, bila kiberiti.
"Mezeni mate," anasema Jagna kwenye kipaza sauti.
Masikio yananizibuka: pu.

Miaka thelathini na moja, kiwandani Gdynia,
nilikata meli kwa gesi hii hii.
Ilikula bamba la chuma
ikaacha ukingo mwekundu, unaotiririka.

Leo naambiwa: vuta, Ludomir, vuta taratibu,
ishuke hadi kwenye muundi,
kwenye mfupa uliokwanguliwa mara nne,
ukanyweshwa dawa miezi kumi na saba,
na bado ukatoa usaha
kwa kitundu cha kupitisha sindano.
Mfupa mkaidi. Mama angesema umenirithi.

Kikao cha ishirini na tisa.
Wacława amesinzia ndani ya barakoa.
Humu tunajuana kwa mifupa:
yeye taya, mimi muundi.

Jana usiku nilifungua bendeji.
Kavu.
Nikaikunja, nikaitia mfukoni.
Sijamwambia mke wangu.
Cheche changa
huzimwa na anayeipuliza kwa pupa.