Kinanda Kisicho na La

Kinanda chetu hakina la.
Kina do, kina re, kina mi iliyopauka,
kina so inayokohoa mvua ikinyesha Isamilo,
lakini ukigusa la ya katikati
kibao kinashuka, kinapanda, kimya,
kama mtu aliyeulizwa habari za deni.

Kilipandishwa huku kwa mkokoteni mpaka jabali la kwanza,
kutoka hapo kwa mabega ya wanaume sita
na kamba iliyoazimwa kwa wavuvi.
Mchungaji aliyekinunua alihamishiwa Sengerema
kabla hajajua kukipiga.
Nilipokifungua nilikuta
mabawa makavu ya wadudu wa ziwani, debe zima,
kiota cha panya kilichofumwa kwa pamba,
na risiti ya mwaka themanini na moja: sukari, kilo mbili.
Fundi sikumkuta.

Jumamosi saa nne watoto wanakuja.
Bituro anakuja na vidole vinavyonuka sangara;
mama yake hukata minofu kiwandani, zamu ya usiku,
naye asubuhi humsaidia kuanika mabondo.
Nampa sabuni. Ananawa.
Kinanda kinanuka sangara vilevile.
Kulwa na Doto wanagombea kiti kimoja.
Nimewagawia: Kulwa mkono wa kushoto, Doto wa kulia,
na tangu siku hiyo hawasemeshani
ila kwa kinanda.

Minza ana miaka saba na pengo mbele.
Siku ya kwanza aligusa la, akasubiri.
"Mwalimu, limeng'oka?"
Limeng'oka.
"Litaota?"
Nikamwambia akate kucha,
akunje vidole kama aliyefunika kifaranga.

Kwao hakuna kinanda. Kwa nani kipo?
Amechora meno kwa chaki na mkaa
juu ya jabali nyuma ya nyumba yao, Mabatini,
hapo hufanya mazoezi, akijiimbia kila noti,
mbuzi wa jirani wakikatisha juu ya oktava.
Mvua ikifuta, anachora upya.
Nilikwenda kuona.
Amechora yote ila moja.
Pale pa la ameacha jiwe tupu.

Mimi niliyefundishwa kwa rula juu ya vifundo vya vidole
nilikaa pale, jiwe likiwa bado la moto,
nikamtazama.
Wenzake wakifika la wanaruka,
kama mtu arukaye dimbwi na viatu vya shule.
Minza anakaa.
Anaubonyeza ule ukimya kwa urefu wake,
pigo moja, mawili, au moja na nusu kama karatasi inavyotaka,
anauachia taratibu
kama mlango wa chumba chenye mgonjwa,
halafu anarudi so.

Fundi alikuja Agosti, kwa meli ya Bukoba,
na mfuko wa koleo na bisibisi.
Alifungua, akatukana kistaarabu,
akafunga kipande cha ngozi ya mbuzi
mahali panya walipokula.
Akagonga.
La.
Watoto walipiga makofi. Bituro alitoka mbio
kuwaambia watu ambao hawakuuliza.
Kulwa alimwambia Doto, "Umesikia?"
na Doto akajibu.

Minza alikaa, akaanza vizuri.
Alipofika pale, sauti ilimshtua
kama mgeni uliyemkuta kwenye kiti chako.
Akaondoa mikono yote miwili, akaikalia.
"Mwalimu," akasema, na mdomoni jino jipya
limechungulia nusu, lina vimsumeno ukingoni,
"hili naweza kuliacha?"

La, nilitaka kusema,
neno lenyewe likanikwama.
Chini bandarini meli ilipiga honi,
ndefu, kati ya noti mbili nisizozijua.

Tuanze upya, nikasema.
Kutoka do.
Mkono wa kulia peke yake.