Zidaka

Ilianza kwa mlio. Tik. Kimya. Tik-tik.
Kama mtu anayepapasa mfuko gizani akitafuta ufunguo
na anajua fika ameuacha ndani.
Miaka tisa laptopu hii imekaa juu ya meza yangu, Langoni,
imekula vumbi la chokaa,
imechapa hati za mashamba ya Mokowe, kadi za arusi,
na wasia wa mzee mmoja aliyebadili nia mara nne.

Somoe aliitegea sikio kama daktari wa watoto.
"Karani, diski yako inahesabu siku."
Akaniandikia bei ya mpya nyuma ya risiti.
Nikasema, ghali.
Akasema, "Ghali ni kulia."

Ikaja kwa boti ya asubuhi, ndani ya bahasha ya kaki,
nyepesi kuliko biskuti.
Nikaitikisa. Hakuna kilichocheza.
Yote yataingia humu?
Somoe alicheka kwa pua, akatafuta bisibisi.

Hapa kwetu mtu akihama mtaa wote hujua.
Kitanda hakipiti mlangoni, hung'olewa miguu,
punda watatu huziba kichochoro,
na jirani husimama darini
apime godoro limechakaa kiasi gani.
Mimi nilihama kwa waya wa urefu wa kiganja.
Godoro langu hakuliona mtu.

Asilimia tatu.
Asilimia tatu.
Asilimia nne.
Adhana ya adhuhuri ikatukuta kwenye kumi na moja.
Somoe akaenda kusali, akaniachia neno moja: usiguse.
Nikakaa mikono mapajani, kama mkwe ugenini.

Saa tisa stima ikakatika.
Feni ikazunguka kwa mazoea tu, kisha ikasimama.
Betri yangu kongwe haina pumzi ya robo saa,
na hamsini na nane bado si mia.
"Nyanyua," akasema Somoe.
Tukatoka upande upande, mimi na kongwe, yeye na mpya,
waya katikati yetu kama kitovu,
tukiwaomba punda njia, kwa adabu,
hadi kwa Twalib muuza sharubati, mwenye jenereta.
Akachomoa blenda moja akatupa tundu lake.
Wateja wa embe wakasubiri. Mmoja akauliza
kama tumebeba mgonjwa.

Kwenye sabini na moja ikagoma.
Tik. Tik. Tik.
"Hapa pana kidonda," akasema. "Faili moja haisomeki.
Nijaribu tena usiku kucha, au niruke?"
Akanigeuzia kioo nione jina.
Ilikuwa barua. Niliiandika mwaka ule Barke aliporudi kwao Faza,
nikaisahihisha mara kumi na saba, sikuichapa.
Twalib alikuwa anakata ndimu.
"Ruka," nikasema.
Na asilimia zikakimbia, kana kwamba
ni barua ile iliyokuwa imekaa mlangoni.

Nyumba ya nyanya yangu ina ukuta wa zidaka,
safu juu ya safu, plasta iliyochongwa na mikono ya watu wasiojulikana.
Sahani za kaure ziliuzwa kabla sijazaliwa.
Lakini kila Alhamisi alipanda kiti na kitambaa,
akapangusa kimoja kimoja, ndani kabisa,
palipokuwa hapana kitu.

Folda ya barua imefika salama.
Jina lake liko, tarehe yake iko.
Ndani, hapana kitu.

Tulipofunga skrubu za mwisho ikawaka kabla sijameza mate.
Somoe akapiga kofi moja la furaha,
kisha kioo kikauliza neno la siri,
na vidole vyangu, bila kuniuliza,
vikaandika herufi tano.
Alitazama pembeni, kwa heshima,
ila Somoe haoni nusu nusu.
"Hilo nalo ungebadili, karani."
"Kesho."

Usiku nimechapa kadi ya arusi ya watu wa Shela.
Haikwami, haipati joto, haikohoi.
Mara mbili nimeinamisha sikio juu ya vibonye,
nikangoja.