Deni la Bukumbi

Saa kumi na nusu alfajiri, Mkuyuni,
padre anatunyunyizia maji ya baraka
na mbu wamekwisha kukomunika kabla yetu.
Sina rozari. Nina kandambili za mama,
za bluu, ya kulia imelika kisigino,
nimezifunga kwa kipande cha tyubu
ndani ya mkoba ninaowekea spana.

Njia hii naijua. Miaka kumi na mmoja
naipita na pumzi za abiria shingoni.
Naijua kwa bei: Butimba elfu moja,
Buhongwa tatu, Usagara tano,
usiku tutaelewana.
Leo naijifunza kwa nyayo.
Kumbe kati ya Nyegezi na Buhongwa kuna kilima.
Pikipiki haikuwahi kunieleza.

Kijiweni wakaniona:
"Mhoja! Injini imekufa?"
Nalipa deni, nikasema.
"Deni gani hilo la kulipwa kwa miguu?"

Mwaka wa surua nilikuwa na miaka minne,
macho yamegandamana,
ulimi umekauka kama michembe juani.
Mama akaweka nadhiri:
akiinuka huyu, nitakwenda Bukumbi kwa miguu yangu.
Nikainuka.
Ikaingia palizi ya pamba.
Wakaja Kulwa na Doto, ikaja mvua, likaja goti,
na kila mwaka Bukumbi ikasogea mbele kidogo.
Mwezi wa tatu, wodini, akanishika mkono:
"Mhoja, lile deni."
Nikajifanya nadhani ni la dukani.

Usagara tukakata kulia, magari yakapungua.
Minyaa, majaruba ya mpunga,
mawe yamebebana
kama watoto wanaokataa kushushwa.
Ziwa linachungulia, linajificha tena,
kama mtu anayedaiwa.

Mama Leokadia, muuza furu wa Mwaloni,
anaongoza rozari
kwa sauti ileile anayoitia wateja.
Katikati ya litania akasimama, akavua kiatu,
akalitazama lengelenge lake kwa muda,
akaliambia: "Na wewe utuombee."
Tukacheka mpaka mwenye msalaba akageuka.

Mimi kusali sijui vizuri.
Nilihesabu nguzo za umeme,
nikapotea kwenye mia mbili na kitu,
maana raba zilikuwa zimenichuna
na ilinibidi kufungua mkoba.

Zilinibana. Nusu kisigino ilibaki nje,
ikakanyaga barabara;
nusu ikakanyaga pale alipokanyaga yeye.
Na kila hatua ziliniinamisha kulia.
Kulia. Kulia.
Kumbe lilikuwa goti la kulia.
Miaka yote aliyokaa akilikanda kwa mafuta ya taa
nikipita na ufunguo mkononi,
"Shikamoo mama, nawahi abiria,"
sikuwahi kuuliza ni lipi.

Saa tisa, Bukumbi.
Nilisimama mbele ya kanisa nikingoja kitu.
Kulikuwa na foleni ya bomba,
mtoto analilia andazi la mwenzake,
kengele, halafu kimya cha kawaida tu.
Sikuona mwanga. Sikusikia sauti.
Zamu yangu ilipofika
niliosha kandambili kwanza, miguu baadaye,
nikazianika juu ya jiwe,
nikalala pembeni yake kama mlinzi.

Kurudi nilichukua pikipiki.
Kijana simjui, kofia ya sufi na jua lote lile.
"Mkuyuni elfu kumi na mbili, kaka."
Bei yenyewe naijua. Naijua kuliko yeye.
Sikuomba kupunguziwa.
Nikakaa nyuma, mahali nisipopajua,
kandambili mapajani, bado zina unyevu,
na barabara ya kutwa nzima
ikaanza kukunjwa kama mkeka wa kuazima.

Tulipoiacha Buhongwa nikamgusa bega.
Nikamwambia: hapa kuna kilima.
Akageuza kichwa, upepo ukamjaa mdomoni.
"Wapi?"