Haja Ndogo

Mama bado anawaambia majirani wa Makorora
kwamba mwanawe anasomea moyo.
Moyo una heshima; moyo husimuliwa sebuleni
mbele ya wageni, chai ikiwa mezani.
Mimi nimechagua mkojo, mama.
Nimeuchagua mchana kweupe, na akili zangu timamu,
katika mji wa Dundee, ambako upepo wa mto Tay
humvua mtu kofia bila kumtaka radhi.

Zamu ya usiku. Bwana Tulloch, miaka sabini na tatu,
ameketi ukingoni mwa kitanda,
koti hajavua, miguuni malapa yaliyolowa theluji.
Namuuliza, ananijibu habari za barabara kuteleza.
Namuuliza tena, ananijibu habari za timu yake
iliyofungwa nyumbani Jumamosi.
Sina haraka. Nimekulia katika lugha
inayopitisha maneno mlango wa uani,
isemayo haja ndogo
kana kwamba mtu anaazima chumvi.
Naye ana yake. "Mabomba," anasema hatimaye,
akiutazama ukuta. "Mabomba yamegoma, daktari.
Tangu jana asubuhi."

Navaa glavu. Kibofu kimepanda hadi kitovuni,
kigumu kama tikiti bichi.
Samahani, baridi kidogo. Vuta pumzi.
Mpira unaingia, unakwama:
tezi dume imekaa njiani
kama bawabu asiyepokea salamu.
Sisukumi. Bi Farquharson alinifunza,
mkono wa nguvu hutoboa, mkono wa subira hupita.
Nasubiri.
Unapita.

Na sauti ile,
sijui niifananishe na nini. Mvua ya kwanza ndani ya karai.
Lita moja na nusu, na bado inashuka,
na mzee aliyechomelea vyuma vya meli miaka arobaini
analia kimyakimya, ameshika kiwiko changu,
akitaja jina la mkewe.

Mwezi uliopita, watu watatu kwenye kioo cha kompyuta
waliniuliza: kwa nini fani hii?
Nafasi chache, waombaji wengi,
na mwaka jana tulikukatalia.
Nikasema nilivyofundishwa kusema:
mawe yanayovunjwa kwa mwanga, mikono ya roboti,
utafiti wangu wenye majedwali manne.
Mmoja akaandika. Mwingine akapiga mwayo
akauzika ndani ya kikombe.

Sikuwaambia habari za ukumbi wetu wa saruji
na malapa ya baba usiku.
Mara tatu, nilipokuwa darasa la nne.
Mara saba, nilipoanza sekondari.
Nilihesabu nikiwa kitandani: kwenda,
kimya,
kimya kirefu mno kwa haja inayoitwa ndogo,
kurudi.
Asubuhi alisema amelala vizuri.
Hospitali hakwenda; angemwambia nani, na kwa neno gani?
Mficha uchi hazai, walisema.
Baba alizaa sita, na bado alificha,
mpaka figo zikamchongea.

Hilo ningelisemaje kwa dakika mbili,
kwa Kiingereza cha kuvalia tai,
na saa pembeni inahesabu kurudi nyuma?

Saa kumi na mbili. Nje bado giza,
gari la chumvi linapita likinyunyizia barabara.
Simu inatetemeka mfukoni: mama, anatoka sokoni,
nasikia mtu akimkatalia bei ya mchicha.
"Vipi huko? Moyo unaendeleaje?"
"Moyo salama, mama."
Barua ya usaili haijaja. Huenda nikakataliwa tena.
Sijui kama nitamwambia.

Nyuma ya pazia Bwana Tulloch anakoroma.
Malapa yake yako chini ya kitanda, yamekauka,
moja limelalia jingine,
na tangu saa tisa hakuna aliyeyavaa.