Viwiko

Pesa ya korosho imeingia Jumanne, mnada wa tatu,
ya mama sehemu mbili, yangu moja,
na kabla sijanunua hata kanga
nimeshaigawa kichwani mara saba.

Inauzwa, baiskeli ya yule mhandisi wa Madimba
aliyemaliza mkataba.
Nyeusi, tumbo limebonyea kama la mbwa wa mawindo,
na mbele imeota pembe mbili:
unalaza viwiko, unainamisha shingo,
unakuwa kitu chembamba ambacho upepo haukijui jina.
"Hii imezaliwa kwa michezo mitatu," akaniambia.
"Ukitoka majini ukaipanda,
miguu inakuwekea akiba ya kukimbia."
Akataja bei.
Nikakohoa.

Yangu iko kwa fundi Hokororo, sokoni Chikongola,
imening'inia kwenye ndoano kama mbuzi.
Ya mbio, ya mtumba, usukani umejikunja,
rangi zamani ilikuwa nyekundu.
Miaka sita Shangani hadi Naliendele, kazini na kurudi,
inalijua kila shimo kabla sijalifikia.
Hokororo anazungusha pedeli, ametega sikio:
"Mnyororo umechoka. Gia za nyuma zina meno ya bibi yangu.
Nipe rimu nyepesi, matairi ya maana,
na hapo mbele nikufungie pembe za viwiko.
Nusu ya bei ya huyo mzungu wako."
"Si mzungu. Ni mtu wa Kilosa."
"Anayeuza baiskeli kwa bei hiyo ni mzungu."

Mashindano ni Juni.
Tutaogelea Shangani, tutapanda hadi Msijute na kurudi,
kisha mbio mpaka uwanjani.
Tumejiandikisha kumi na wanne.
Wanaojua kuogelea ni watano, nami nikiwa nusu ya mmoja wao.

Jumapili nikaijaribu ile nyeusi, barabara ya Mikindani,
saa kumi na mbili asubuhi, lami bado ina ubaridi.
Nikalala juu yake.
Loo!
Sikusikia gurudumu, nilisikia damu.
Minazi ikapita kama meno ya chanuo.
Kama miguu nayo ina dhambi yake, ndiyo ile.

Kisha mteremko, na kona,
na breki ziko kule pembeni, mbali na vidole vyangu,
na Bi Somoe Nantumbya anavuka na ndoo yake ya pweza.
Nilimpita kwa upana wa kanga.
Hata "shikamoo" sikuweza.
Ilipofika adhuhuri mama alikwisha kuletewa habari:
mwanao kapita kama jini, salamu hana.

Na fremu ilinizidi urefu kwa vidole vinne.
Hilo sikumwambia mtu.

Basi nimempa Hokororo pesa.
Mama anashukuru, anadhani ni akili.
Rimu zimekuja kwa basi kutoka Dar,
zimefungwa gazeti na kamba ya katani,
na nilipozizungusha mara ya kwanza ziliendelea, ziliendelea,
hadi Hokororo akamaliza chai.
Pembe amezifunga. Ya kushoto imepinda kidogo.
Anasema haijapinda, mimi ndiye nimepinda.

Ile nyeusi kanunua kijana wa benki.
Naiona jioni inapita Ligula polepole,
kaka wa watu kakaa wima kama yuko kitini,
anampungia mkono kila mtu.
Inaniuma mahali ambapo hapana dawa.

Usiku nalala kifudifudi,
viwiko pamoja, ngumi chini ya kidevu, mabega nimeyashusha.
Kutoka kitanda cha pili Asumini ananiuliza gizani:
"Dada, unaomba dua?"
"Lala," namwambia,
nami niko Msijute, nageuza.